Uchambuzi wa kisa: Profesa wa kwantamu, jibu la 2.5 na wastani uliokuwa unaficha mambo

Kabla ya kuanza

Kisa hiki kimetokea kwenye chuo kikuu kimoja cha umma hapa Afrika Mashariki. Jina la chuo nimelitoa, miaka nimeitoa, majina ya watu nimeyatoa yote, na vitu vichache ambavyo vingemfanya mtu atambulike nimevibadilisha. Mhusika mkuu nitamwita Profesa tu, na mwanafunzi wake wa masters nitamwita Kijana. Fizikia yenyewe sijaigusa, hesabu ziko vilevile na mwenye kalamu na karatasi anaweza kuzirudia mwenyewe akahakikisha. Mimi nilikuwa msaidizi wa seminari kwenye hiyo kozi, kwa hiyo niliona upande wa darasani kwa ukaribu na upande wa utafiti niliuona kwa sababu ofisi zetu zilikuwa korido moja na milango ilikuwa haifungwi.

Nawaandikia zaidi walimu wa fizikia, wa chuo na hata wa kidato cha 6, maana tatizo lenyewe linaanzia mbali.

Hali ilivyokuwa

Kozi ni kwantamu mekaniki ya mwaka wa tatu. Darasa mchanganyiko: kuna wa fizikia tupu, kuna wa elimu ambao wakimaliza wanaenda kufundisha sekondari, na wachache wa hisabati waliochukua kama kozi ya hiari. Mtiririko ulikuwa ule ule ambao wengi wetu tumepitia, unaanza na Planck 1900, unakuja Einstein na fotoelektriki 1905, de Broglie 1924, halafu mlinganyo wa Schrödinger wa 1926, unafungia elektroni kwenye kisanduku chenye kuta zisizopenyeka, unafanya oskileta, unamalizia na atomu ya haidrojeni, muhula umeisha, watu wanaanza kusaka pasti pepa.

Na Profesa anafundisha vizuri, hilo niliseme mapema ili mtu asidhani ni kisa cha mwalimu mvivu. Anaingia bila karatasi, anajaza ubao kwa mpangilio, anajibu maswali kwa upole, ukimfuata ofisini anakuita "mwanangu" na anakutolea kiti. Wanafunzi walimpenda. Ndo maana tatizo lilichukua muda mrefu kuonekana.

Utafiti wake ni mifumo ya kwantamu iliyo wazi, yaani ile isiyojitenga na mazingira yake. Unachukua kyubiti kadhaa (kyubiti ni mfumo wenye hali mbili, juu na chini) ambazo zimefungamana kikwantamu, yaani hali ya moja haielezeki bila ya nyingine, unaziacha ziguswe na joto na kelele za mazingira, unauliza huo mfungamano unakufa vipi na kwa haraka gani. Ni eneo ambalo mtu anaweza kulifanya bila maabara ya mabilioni, unahitaji hesabu na kompyuta. Kompyuta zenyewe sasa zilikuwa chache tu za mezani zenye ramu ya GB 16 na umeme unaokatika bila taarifa.

Msimamo wake kuhusu hivi vitu viwili ulikuwa wazi, utafiti ni wa masters na PhD, hawa wa mwaka wa tatu wapewe msingi kwanza. Ni msimamo wa watu wengi na una mantiki yake, mtu hajui kukokotoa intigrali ya sini mbili unampelekaje kwenye kyubiti zinazovuja nishati?

Mambo yalivyokwenda

*Swali la mtihani*

Mwaka mmoja Profesa aliamua kutunga swali ambalo halina hesabu nyingi. Elektroni iko kwenye kisanduku, hali yake ni mchanganyiko sawa kwa sawa wa ngazi ya nishati ya n=1 na n=2, yaani zile mbili za chini kabisa. Sehemu ya kwanza: ukipima nishati mara moja, unaweza kupata nini? Ya pili: ukirudia kupima papo hapo, utapata nini? Ya tatu: ukiandaa elektroni nyingi kwa namna ile ile, ukapima kila moja mara moja, wastani wa majibu utakuwa ngapi?

Nishati ya ngazi n ni n²h²/8mL² (h ni namba ya Planck, m ni masi ya elektroni, L ni upana wa kisanduku), kwa hiyo E₂ ni mara 4 ya E₁. Kama kisanduku kina upana wa nanomita 1, E₁ ni kama eV 0.38 na E₂ ni kama eV 1.50. Jibu la kwanza ni ama E₁ ama 4E₁, nusu kwa nusu. La pili ni ile ile uliyoipata mwanzo, kwa uhakika. La tatu ni 2.5E₁, yaani karibu eV 0.94.

Walichoandika wengi ni 2.5E₁ kwenye sehemu ya kwanza. Halafu 2.5E₁ kwenye ya pili. Na 2.5E₁ kwenye ya tatu, pale ikawa sahihi. Tulikuwa tunasahihisha pamoja, nikawa naona karatasi baada ya karatasi, na kilichonishtua ni kwamba walioandika hivyo walikuwemo vichwa wa darasa, watu ambao swali la pili la mtihani, la oskileta, walilimaliza bila doa. Wanajua kunomalaizi, wanajua kuintigreti, lakini wanaamini kwamba mashine ya kupima itasoma namba ambayo haipo kwenye orodha ya ngazi za nishati kabisa. Hakuna elektroni kwenye hicho kisanduku ambayo umewahi kuipima nishati ukapata eV 0.94. Haiwezekani.

Profesa alichofanya mara ya kwanza ni kile ambacho mwalimu yeyote angefanya, aliongeza mazoezi. Mwaka uliofuata swali likarudi kwa sura nyingine kidogo, majibu yakarudi vilevile.

*Upande wa pili, ramu inaisha*

Kipindi hichohicho Kijana alikuwa amekwama kwenye tasnifu. Mfumo wazi kwa kawaida unauelezea kwa matriki ya densiti, jedwali la namba linalobeba uwezekano wote wa mfumo, na inasogea kwa muda kwa mlinganyo unaojulikana kama wa Lindblad, wa 1976. Shida ni ukubwa. Ukiwa na kyubiti N, matriki ina safu 2ᴺ na nguzo 2ᴺ, namba changamano moja inakula baiti 16. Kyubiti 12 ni kama MB 268, hapo unapumua. Kyubiti 14 ni kama GB 4.3 kwa nakala moja tu, na programu inayosolvu mlinganyo inahitaji nakala kadhaa kwa wakati mmoja, mashine ya GB 16 inaanza kuhema halafu inaganda. Kila kyubiti moja unayoongeza, mahitaji yanazidi mara 4. Na hapo hujapigia hesabu kwamba kazi ya siku nzima umeme ukikatika saa 10 jioni imekwenda.

Walikuwa na njia tatu mezani. Kuomba muda kwenye kompyuta kubwa ya nje, ambayo inamaanisha maombi, kusubiri, na intaneti ya kupandisha mafaili. Kupunguza mfumo ubaki na kyubiti chache, ambayo ingeua swali lenyewe maana walitaka kuona mnyororo mrefu. Au kuachana na matriki na kutumia njia ya mapito, iliyotolewa 1992 na Dalibard, Castin na Mølmer, ambapo badala ya kubeba matriki nzima unabeba hali moja tu ya mfumo, vekta, unaiacha itembee, na kila baada ya muda mfupi kompyuta inachezesha bahati nasibu kuona kama kuna mruko umetokea, kwa mfano atomu imetoa fotoni. Mruko ukitokea hali inabadilika ghafla. Usipotokea hali inasogea polepole, na kumbuka hata kutokutokea mruko nako kunabadilisha hali. Unarudia mapito mengi, unachukua wastani, unapata kilekile ambacho mlinganyo wa Lindblad ungekupa.

Vekta ya kyubiti 14 ni kama KB 262. Kutoka GB 4.3 hadi KB 262! Gharama yake ni kwamba kosa la takwimu linapungua taratibu, ukitaka kosa lipungue mara 10 lazima mapito yaongezeke mara 100. Lakini kila pito linajitegemea, kwa hiyo unaweza kuyagawa kwenye kompyuta zote za maabara usiku wanafunzi wakiondoka, na umeme ukikatika unapoteza pito lililokuwa linaendelea tu, yaliyokamilika yameshahifadhiwa. Kwa mazingira yetu hii ndo ilikuwa hoja iliyoshinda, na walitumia QuTiP, programu ya mifumo ya kwantamu ambayo ni ya bure na inaendeshwa kwa Python. Profesa akasema "twende na mapito."

*Grafu ambayo ilikataa kufa*

Hapa kuna funzo la utafiti ambalo nataka nikae nalo kidogo.

Kijana akapata grafu zake, nzuri, laini, akazileta. Zilionyesha mfungamano wa kyubiti mbili unashuka pole pole unakaribia sifuri lakini haufiki. Profesa akaangalia akanyamaza, halafu akauliza, "Hii umeilinganisha na kitu gani tunachokijua?" Haikuwa imelinganishwa. Akamwambia rudi kwenye kyubiti mbili tupu, kila moja na mazingira yake, ambazo tunaweza kuzikokotoa kwa mkono.

Mwaka 2004 Yu na Eberly walionyesha kwamba mfungamano wa namna hii unaweza kufa kabisa ndani ya muda wenye kikomo, wakati kila kyubiti peke yake inaendelea kudhoofika polepole bila kufika mwisho, na 2007 kikundi cha Rio de Janeiro kikaliona kwenye maabara kwa fotoni. Chukua kyubiti mbili ambazo ziko kwenye mchanganyiko wa "zote chini" na "zote juu", ampilitudi (namba ambayo mraba wake ndo uwezekano) ya zote juu ikiwa mara 2 ya zote chini. Kipimo cha mfungamano kinachoitwa konkarensi kinaanza na 0.8. Ukikokotoa kwa matriki, kinafika sifuri pale γt (kasi ya kuvuja mara muda) inapokuwa ln 2, yaani kama 0.69, ambao ndo muda uleule nusu ya nishati ya juu imeshavuja. Baada ya hapo ni sifuri moja kwa moja. Grafu ya Kijana kwenye muda huohuo ilikuwa inasoma 0.4.

Kodi ya programu haikuwa na kosa, nilivyoelewa waliipitia mstari kwa mstari. Kosa lilikuwa kwenye mpangilio wa kazi. Alikuwa anakokotoa konkarensi ya kila pito, halafu anachukua wastani wa konkarensi. Pito ambalo halijaruka bado linabaki limefungamana hadi mwisho wa dunia, na lililoruka linakuwa halijafungamana, wastani wao hauwezi kugusa sifuri. Kumbe konkarensi haiendi kwa mstari nyoofu na matriki ya densiti. Ilitakiwa achukue wastani wa hali kwanza, apate matriki ndogo ya 4 kwa 4 ya zile kyubiti mbili, ndipo akokotoe konkarensi. Nishati ukikosea mpangilio haina shida, unapata jibu lilelile. Mfungamano haukusamehi.

Na ile 0.4 ina maana yake pia, ni mfungamano wa wastani kwa mtu ambaye anachungulia mazingira muda wote na anajua kila mruko umetokea lini. Asiyechungulia ana sifuri. Profesa alipomweleza Kijana hili pale korido nilisimama nikasikiliza hadi mwisho, chai ikapoa.

*Mambo mawili yanakutana*

Siku chache baadaye tulikuwa tunapanga mazoezi ya seminari, nikamkumbusha Profesa lile swali la 2.5. Alikuwa na grafu za mapito juu ya meza. Akaziangalia, akasema kitu ambacho kwa maneno yangu ni hiki: hawa watoto na huyu Kijana wana ugonjwa mmoja, wote wanabeba wastani kama vile ndo tukio, na mimi ndiye ninayewapa wastani kabla hawajaona tukio.

Ukienda kuangalia karatasi za mazoezi za miaka yote ni kweli. Karibu kila swali lilikuwa "tafuta wastani wa x", "tafuta wastani wa nishati". Hakuna hata moja lililouliza mashine itasoma nini mara hii moja. Tulikuwa tumeongeza mazoezi ya kitu kilekile kilichowapoteza.

Maamuzi na kwa nini yalifanywa

La kwanza na kubwa, kozi ikaanza upya kutoka kwenye spini, ile sifa ya chembe inayoifanya itende kama sumaku ndogo. Wiki ya kwanza hakuna Schrödinger, kuna jaribio la Stern na Gerlach, Frankfurt 1922, atomu za fedha zinapita kwenye sumaku isiyo sawa na zinagawanyika mara mbili badala ya kutapakaa. Sababu ya Profesa ilikuwa kwamba mfumo wenye majibu mawili tu haukuachii mahali pa kuficha wastani, wastani wa juu na chini ni sifuri na hakuna atomu iliyotua sifuri, pale katikati pamekaa patupu. Hesabu yake ni matriki za 2 kwa 2 ambazo hata wa elimu wanaziweza. Alipenda pia kuwaambia kwamba Stern na Gerlach wenyewe wakati ule hawakuwa wanajua wameona spini, wazo la spini lilikuja 1925 kwa Uhlenbeck na Goudsmit, kwa hiyo mwanafunzi asijione mjinga akichelewa kuelewa kitu ambacho hata waliokifanya walikielewa kwa maelezo mengine.

La pili, mfano wa familia. Aliwaambia: mkisikia wastani wa watoto kwa familia ni 2.5, hakuna mama aliyejifungua nusu mtoto. Darasa likacheka na sehemu ya kwanza ya swali ikaeleweka siku ileile. Mfano huu una hatari yake, nitaurudia kwenye uchambuzi.

La tatu, polaroidi, yaani plastiki inayopitisha mwanga unaotetemeka upande mmoja tu. Tulienda kwa mafundi simu na watu wa vifaa chakavu tukakusanya skrini zilizovunjika za kalkuleta na laptopu, unabandua ile plastiki ya juu, unasafisha gundi, umepata polaroidi. Mbili ukizipishanisha nyuzi 90 taa ya simu inazimika. Ukichomeka ya tatu katikati kwa nyuzi 45, mwanga unarudi. Kwa hesabu ya polaroidi kamilifu inapita moja ya nane ya mwanga wa mwanzo, za skrini chakavu zinapitisha pungufu lakini giza na mwanga unauona kwa macho. Umeongeza kizuizi na mwanga umeongezeka, mtu hawezi kusema tena kwamba polaroidi inachuja tu kilichokuwepo.

La nne ndo lililomgharimu mjadala na nafsi yake, kuingiza utafiti darasani. Aliingiza kipande kimoja tu, grafu mbili pembeni kwa pembeni. Kushoto wastani wa atomu nyingi zinazopoteza nishati, mchirizi laini unaoshuka. Kulia pito la atomu moja: juu, juu, juu, mruko, chini. Akawapa na historia yake, kwamba Schrödinger aliandika 1952 kwamba hatufanyi majaribio na atomu moja kamwe, na 1986 vikundi vitatu tofauti vikaona ioni moja iliyonaswa ikiwaka na kuzimika ghafla. Michirizi ya wastani mliyoisoma, aliwaambia, imetengenezwa na hii ya kulia.

La tano, kitu kilibidi kipunguzwe, muhula hauongezeki. Akakata kusolvu mlinganyo wa radiali wa haidrojeni, ule wa umbali kutoka kwenye kiini, ubaoni. Ngazi za eV −13.6/n² zikabaki, fanksheni zenyewe wanapewa wanazitumia, njia nzima wanaisoma nyumbani.

Matokeo

Swali la 2.5 liliporudi kwenye UE, mtihani wa mwisho wa muhula, waliopata sehemu ya kwanza na ya pili walikuwa wengi, tofauti ya wazi kabisa na huko nyuma, hata waliofeli mtihani kwa jumla wengine walilipata. Seminari zilibadilika zaidi ya mtihani. Kuna binti wa elimu alinyanyua mkono siku ya polaroidi akasema, "Prof, samahani, lakini hii si mawimbi tu? Mbona kanuni ya Malus inaeleza yote bila kwantamu?" Ana haki kabisa, kanuni ya Malus, inayotoa kiasi cha mwanga unaopita polaroidi kwa kila pembe, ni ya mwanzoni mwa karne ya 19. Profesa alifurahi waziwazi, akatumia nusu saa nzima: mwanga hafifu kiasi kwamba fotoni zinapita moja moja, fotoni haikatiki vipande, ama inapita ama haipiti, basi ile robo na nusu ya mawimbi inageuka kuwa nafasi ya kupita. Na akamwambia kwamba hata Born alipoleta tafsiri ya uwezekano mwaka 1926, lile suala la kuchukua mraba wa ampilitudi lilikuwa kwenye tanbihi ya chini ya ukurasa.

Kijana alimaliza. Tasnifu yake ina sura nzima ya namna ya kuhakiki mapito kwa mfumo mdogo kabla ya kwenda mkubwa, na sura hiyo ndo iliyosifiwa kwenye utetezi.

Mtahini wa nje hakufurahi. Aliandika kwamba haoni ushahidi wa wanafunzi kuweza kusolvu atomu ya haidrojeni kwa ukamilifu na kwamba kozi inatofautiana na vyuo vingine. Idara ikakaa, baada ya mvutano wakakubaliana njia nzima ya radiali irudi kama kazi ya nyumbani yenye alama, si ubaoni. Mhitimu mmoja aliyekwenda kuendelea nje alitueleza ilibidi ajifunze polinomia za Laguerre, zinazotokea kwenye ile hesabu ya radiali, mwenyewe kwa haraka sana.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni mpangilio. Ukimpa mwanafunzi zana ya kukokotoa wastani wiki ya tatu, na tukio lenyewe ukamtajia wiki ya kumi kwa sentensi mbili, ataamini wastani ndo kitu chenyewe kwa sababu ndicho anachokifanya kila siku kwa mkono wake. Polaroidi na grafu zilisaidia, ila nadhani zingewekwa mwishoni mwa kozi ileile ya zamani zingekuwa burudani tu.

Utafiti uliingia darasani vizuri kwa sababu ulikuwa unajibu swali ambalo darasa tayari limelikosea. Nimeona sehemu nyingine profesa anachukua kipindi kizima kuwaonyesha wanafunzi wa digrii ya kwanza makala yake, watu wanapiga makofi wanaondoka na hakuna kilichobaki. Hapa ziliingia grafu mbili tu, bila mlinganyo wa Lindblad, bila hata kutaja matriki ya densiti. Ubora wa uamuzi ule uko kwenye alivyoacha nje.

Kuhusu Kijana, uamuzi wa kurudi kyubiti mbili ndo uliookoa tasnifu. Grafu ile ilikuwa nzuri kwa macho, na matokeo ya "mfungamano hauishi" yangekuwa habari njema ya kuchapisha. Swali la Profesa, umeilinganisha na kitu gani tunachokijua, ningependa libandikwe kwenye mlango wa kila maabara ya kompyuta. Na chagua ukubwa ambao jibu lake unalipata kwa mkono, usichague mdogo tu ilimradi mdogo.

Sasa yaliyofeli. Mfano wa familia ulitibu jambo moja ukazaa lingine. Watoto wapo kabla hujawahesabu, kwa hiyo wanafunzi wakahama kutoka "mashine itasoma 2.5" wakaenda "nusu ya elektroni tayari zina E₁ na nusu tayari zina 4E₁, kupima ni kugundua tu." Hilo nalo si sahihi. Kama kweli zingekuwa zimeshagawanyika hivyo, wastani wa mahali elektroni ilipo ungetulia katikati ya kisanduku. Kwenye mchanganyiko wa kwantamu wastani huo unayumba kushoto na kulia kwa frikwensi ya 3E₁/h. Mfano ulipaswa kuvunjwa mbele yao wiki ileile ulipotolewa, waambiwe unaishia wapi, na haukuvunjwa hadi polaroidi zilipokuja, wiki kadhaa baadaye, watu wameshaukalia.

Wengine walizidisha. Ukiwauliza elektroni iliyo n=1 tupu ukipima nishati utapata nini, wanaandika "haijulikani, kwantamu ni bahati." Hapana, ni E₁, kila mara, hakuna bahati hapo. Tulisisitiza tukio mpaka tukasahau kusisitiza kwamba kuna hali ambazo jibu lake ni la uhakika, na bila hizo neno ngazi halina maana.

Zoezi la kuchora mapito kwa kompyuta tulilowapa darasa pia lilikwenda vibaya kuliko tulivyoripoti. Wenye laptopu ni wachache, boom, yaani pesa ya mkopo wa wanafunzi, likiwa halijatoka hata bando la kupakua programu ni shida, ikawa watu watano kwenye mashine moja, mmoja anachapa wanne wanatazama. Tulipojaribu toleo la karatasi na sarafu, kila kikundi kinarusha sarafu kuamua kama atomu imeruka, kinachora pito lake, halafu yote yanajumlishwa ubaoni unaona mchirizi laini unatokea, lilifanya kazi vizuri zaidi na halikuhitaji umeme. Ningelianza nalo.

Na kuna gharama ambayo ripoti ya idara haikuitaja. Kubadilisha kozi kulimchukulia Profesa muda aliokuwa anautumia kuandika makala, na mfumo wa kupandishwa vyeo unahesabu makala, hauhesabu kozi iliyorekebishwa. Msaidizi mdogo akifanya hivyo kabla hajapanda anajiweka pabaya. Profesa aliweza kwa sababu alishafika juu.

Suala la haidrojeni bado sikubaliani na mtahini wa nje moja kwa moja, lakini sehemu ya hoja yake ni ya kweli: anayekwenda masters anahitaji kuwa amepita ile hesabu kwa mkono wake mwenyewe angalau mara moja, na kazi ya nyumbani inadeswa. Kinachojaribiwa sasa ni mwanafunzi kuitwa seminari aeleze hatua mbili za kazi aliyowasilisha, dakika chache tu kila mmoja. Darasa likiwa kubwa inakula wiki karibu mbili za wasaidizi.

Swali la mtihani nalo limeongezewa sehemu ya nne: tofautisha elektroni hii na sanduku lenye elektroni ambazo nusu ni n=1 na nusu ni n=2, na utaje kipimo ambacho kingeonyesha tofauti. Mara ya mwisho niliposahihisha, wengi waliandika kwamba hakuna kipimo kama hicho, kwa sababu nishati zinatoa majibu yaleyale. Wachache waliotaja kupima mahali kwa nyakati tofauti, karibu wote walikuwa kwenye kundi la seminari la yule binti aliyeuliza habari ya Malus.